Herufi moja kwenye Selform: PCB au CBG, PCM au EGM, HGE au HGL?

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwaka mmoja, kijana niliyemfundisha O-level alinijia shuleni, simu mkononi, furaha imemjaa. Alikuwa na divisheni wani ya pointi saba, tahasusi CBG, yaani masomo matatu ya Kemia, Baiolojia na Jiografia. Alitaka nimsaidie kuomba udaktari. Nikamwambia avute kiti. Tukafungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, tukashuka taratibu hadi kwenye shahada ya udaktari wa binadamu, akasoma mwenyewe: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Akarudia kusoma. Kisha akauliza, "Mwalimu, Jiografia nina A. Haiwezi kukaa badala ya Fizikia?"

Haiwezi. Kijana alikuwa amesoma miaka miwili kwa bidii, amefaulu vizuri kuliko wengi walioingia udaktari mwaka ule, na mlango ulikuwa umefungwa tangu siku alipojaza Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Siku hiyo nilikuwa pale pale shuleni na sikumkalisha. Ndiyo maana siku hizi, mtoto akiniambia "nimechagua kombi," namwuliza kwanza: ile herufi ya tatu umeiweka kwa sababu gani?

Kila herufi ni somo: P Fizikia, C Kemia, B Baiolojia, G Jiografia, M Hisabati, E Uchumi, H Historia, K Kiswahili, L Kiingereza. Tahasusi nyingi zinazowasumbua watoto zinafanana herufi mbili na kutofautiana moja. PCB na CBG. PCM na PGM. EGM na HGE. HGL na HKL. Hiyo moja ndiyo inayoamua fomu ya chuo utakayoweza kujaza baadaye. Kwa hiyo nitazilinganisha hivyo, mbili mbili au tatu tatu, jinsi zinavyokaa kichwani mwa mtoto anayesitasita.

Kwanza, jinsi chuo kinavyozisoma alama zako

Ukimaliza kidato cha sita, NECTA, Baraza la Mitihani, inakupa divisheni kwa kujumlisha masomo matatu ya tahasusi: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Pointi 3 hadi 9 ni divisheni wani, 10 hadi 12 ni tuu, 13 hadi 17 ni thrii. Watu wengi huishia hapo. Chuo kikuu kinahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu kamili, yaani E au zaidi, katika masomo mawili yanayotakiwa na programu, yakifikisha jumla ya pointi 4. Maneno ya kuzingatia ni "yanayotakiwa na programu". Divisheni inasomwa mtaani. Chuo kinasoma somo moja moja.

Chukua mfano. Mwanafunzi wa PCB ana Baiolojia B, Kemia C, Fizikia E. Kwa NECTA ni 2+3+5, pointi 10, divisheni tuu. Mwenzake ana D tatu: pointi 12, naye divisheni tuu, ila ya mwisho kabisa. Mtaani wa kwanza atapongezwa zaidi. Lakini kwa udaktari wa binadamu Fizikia haitakiwi kushuka chini ya D, kwa hiyo wa kwanza hata kigezo cha chini hakifikii. Ukiubeba mfano huu, mengine yote yatakuwa mepesi.

PCB na CBG

Hapa ndipo machozi mengi yanapomwagika, basi nitakaa kidogo.

Zote mbili zina Kemia na Baiolojia. Zote zina maabara. Utashika bureti na kushusha tone moja moja hadi rangi ya kwenye chupa igeuke, na tone moja la ziada likuharibie kipimo chote. Utampasua chura au mende kwenye trei ya nta, umbane kwa pini, utenganishe viungo bila kukata mshipa, kisha uchore ulichokiona. Mtoto asiyependa kazi za namna hiyo asidanganyike na jina la daktari. PCB na CBG zote zitamchosha.

Tofauti ni Fizikia dhidi ya Jiografia. PCB inafungua udaktari, famasia, uuguzi wa shahada, sayansi za maabara ya tiba, na pia karibu kila kitu kinachofunguliwa na CBG. CBG inafungua kilimo, misitu, wanyamapori, sayansi ya mazingira, ualimu wa Baiolojia na Jiografia. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kimejaa vijana wa CBG, na wanafanya kazi ambazo nchi inazihitaji sana. Kwa hiyo siiweki CBG chini. Ninachopinga ni CBG inayochaguliwa kama PCB nyepesi, na mtoto ambaye moyoni bado amevaa koti jeupe.

Kuna na dhana kwamba Jiografia ya A-level ni mteremko. Mwenye dhana hiyo hajakutana na upimaji ardhi, usomaji wa ramani na picha, takwimu, na jiografia asilia inayokutaka ueleze mto unavyokula kingo zake hatua kwa hatua. Ni somo la kusoma sana na kuandika sana. Anayehesabu vizuri lakini hapendi kuandika anaweza kuumia kwenye Jiografia kuliko ambavyo angeumia kwenye Fizikia.

Ushauri wangu uko wazi. Kama afya ya binadamu ndiyo ndoto na Fizikia yako ya kidato cha nne ni C au zaidi, jaza PCB na usigeuke nyuma. Kama Fizikia ni D, bado unaweza, ila jiulize D hiyo ilitoka wapi. Kuna D ya mtoto aliyekaa miaka miwili bila mwalimu wa Fizikia, akajisomea na notisi za kuazima. Hiyo ni D yenye nguvu ndani yake. Na kuna D ya mtoto aliyefundishwa vizuri, akajitahidi, na fomula bado hazikai. Huyo PCB itamvuta chini pamoja na Baiolojia yake nzuri. Na kama unachokipenda ni mimea, udongo, mifugo, misitu, basi jaza CBG kwa kujivuna. Wa PCB atakayekufuata kilimo baadaye atakuwa amejitwisha Fizikia bure.

Jambo moja linalosahaulika: wanafunzi wa PCB na CBG, kwa sababu hawachukui hisabati ya juu, husoma BAM, hisabati ya msingi ya A-level. Haihesabiwi kwenye divisheni, kwa hiyo wengi wanaipuuza. Zipo programu za chuo zinazoiangalia. Usiifanye somo la kulala.

PCM, PGM, EGM

Hapa kinachounganisha zote ni M, hisabati ya juu, na ndiyo ya kuogopwa kwa heshima. Mtoto aliyepata B ya hisabati kidato cha nne anafika kidato cha tano akidhani anaendelea pale alipoishia. Ndani ya muhula mmoja anakutana na mada ambazo hata majina yake hajawahi kuyasikia. Nimeona wenye A wakipata sifuri kwenye jaribio la kwanza. Wengi wao waliinuka, kwa sababu walikuwa na tabia moja: wakikosa swali wanalirudia siku hiyo hiyo, kwa mkono, bila kuangalia jibu. Asiye na tabia hiyo hisabati ya juu haimsubiri. Kwa hiyo kabla ya kuangalia alama, angalia daftari la mtoto. Kama limejaa maswali yaliyorudiwa, M inamfaa hata kama ana C.

PCM ndiyo pana kuliko zote tatu. Karibu kila uhandisi unataka Fizikia na Hisabati, na uhandisi wa kemikali unaidai Kemia waziwazi. Kompyuta, takwimu, hali ya hewa, ualimu wa Hisabati na Fizikia, vyote viko ndani. Kwa mwenye uwezo ambaye bado hajui anataka nini, PCM ndiyo inayoacha milango mingi wazi, na sioni aibu kumwambia hivyo.

PGM imebadilisha Kemia kwa Jiografia. Bado unayo Fizikia na Hisabati, kwa hiyo uhandisi mwingi haujafungwa, ila baadhi ya fani zitakuuliza Kemia yako ya kidato cha nne, basi isiwe F. Inang'aa zaidi kwenye ardhi: upimaji na jiomatiki pale Chuo Kikuu Ardhi, ambako Hisabati hutazamwa pamoja na Fizikia au Jiografia. Tatizo la PGM ni kwamba shule zinazoifundisha ni chache kuliko za PCM, kwa hiyo ushindani wa nafasi unaweza kukushangaza.

EGM imeacha Fizikia. Herufi hiyo moja imeondoa karibu uhandisi wote. Mzazi anayesema "si zote ni za hesabu" lazima aambiwe mapema. Lakini kwa fedha, benki, takwimu, sayansi ya bima, uchumi, hata kompyuta kwenye vyuo vingi, EGM haipungukiwi na PCM. Na mtoto anayependa hesabu ila maabara haimvutii hata kidogo, EGM ndiyo nyumbani kwake. Nawasikitikia wale waliosukumwa PCM kwa sababu ya sifa, wakafa na Kemia, wakati wangeweza kung'ara kwenye Uchumi.

PCM au PCB? Hili mtoto mwenyewe huwa analijua. Mwulize jioni moja ni daftari lipi angelifungua kama hakuna mtihani kesho.

EGM, HGE, ECA

E ya Uchumi ina upekee ambao watu hawauzingatii: wengi wanaoingia darasani siku ya kwanza hawajawahi kuusoma. O-level waliozoea Biashara na Uwekaji Hesabu wamepata harufu tu. Kwa hiyo hakuna aliyetangulia. Mwenye C zake za kawaida anaweza kumpita mwenye A, akianza mapema.

Tofauti kubwa ni hisabati. EGM inayo hisabati ya juu. HGE na ECA zinasoma BAM. Ukienda kuomba shahada ya uchumi na HGE mkononi, vyuo vingi vitakuuliza hisabati yako iko wapi: BAM umepata nini, kidato cha nne ulipata nini. Mtoto wa HGE aliyetupa BAM anajikuta amesoma Uchumi miaka miwili na shahada ya Uchumi haimpokei. Hili huwa naliandika ubaoni kwa herufi kubwa.

HGE kwa upande wake ina Historia na Jiografia, kwa hiyo inabaki na mlango wa sheria, utawala, mipango na maendeleo, ualimu. Ni tahasusi ya mtu anayetaka kusoma jamii na kuielewa kwa namba kidogo. ECA, yenye Uchumi, Biashara na Uhasibu, ni nyembamba na kali: uhasibu, ukaguzi wa hesabu, benki, biashara. Anayejua anataka uhasibu aende huko moja kwa moja. Asiyejua asiende.

HGL, HGK, HKL

Nianze na neno kwa wazazi. Mtoto mwenye A ya Historia na A ya Kiswahili akalazimishwa sayansi kwa sababu "sanaa haina ajira" anapoteza viwili kwa wakati mmoja: sayansi hataiweza na sanaa hataisoma. Ajira ni ngumu pande zote. Ni kweli kwamba Serikali inavutia watoto kwenda sayansi. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, inawalenga waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita. Ufadhili huo ni wa walio juu kabisa. Mtoto wa divisheni thrii ya PCB haumfikii.

Sheria si mali ya HGL peke yake. HGL, HGK, HKL, HGE, zote zimetoa mawakili. HGL ina sifa zaidi kwa sababu ya L, Kiingereza, ambacho kwenye sheria utakitumia kila siku. Kama Kiingereza chako ni D na Kiswahili A, HGK itakupa alama nzuri zaidi na sheria bado ipo, ila Kiingereza ujifunze pembeni, hakuna njia ya kukikwepa.

HKL ni ya wapenda lugha hasa. K ya A-level ni isimu na fasihi, unachambua mofimu na tungo, huandiki insha za sherehe ya shule tena. Mwalimu, mwandishi wa habari, mkalimani, mhariri, huyo anatoka hapa. HKL haina Jiografia, na hilo linaifunga kwenye mipango miji na mazingira. Wengi hawajali, na sawa.

Kwa wote watatu kipimo ni kimoja: mkono. Mtihani wa Historia ni insha juu ya insha ndani ya saa tatu. Mtoto anayejua majibu lakini anaandika ukurasa mmoja kwa nusu saa aanze mazoezi sasa.

Kidato cha tano au chuo?

Selform ina vyuo pia, na watoto wengi huviruka kama vile ni adhabu. Kwa baadhi yao chuo ndiyo njia bora, na hesabu yake ni hii. Uhandisi kupitia kidato cha tano: miaka 2, kisha 4 ya chuo kikuu. Kupitia stashahada Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST): miaka 3, kisha 4. Umeongeza mwaka mmoja, lakini katikati ya njia umeshakuwa fundi sanifu mwenye cheti cha kuombea kazi. Aliyeishia kidato cha sita bila nafasi ya chuo kikuu hana cheti cha kazi yoyote.

Afya ni vivyo hivyo. Stashahada ya utabibu ni miaka 3 baada ya kidato cha nne, na kigezo chake ni D za masomo ya sayansi. Tabibu akipata GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0 na akiwa ametimiza masharti ya ufaulu wa kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari. Njia ni ndefu kwa mwaka mmoja kuliko ya PCB, na inamfikisha wodini mapema. Kwa mtoto mwenye Fizikia ya D inayoyumba, mimi naipendelea njia hii kuliko PCB ya kubahatisha.

Anayependa nadharia, anayesoma vitabu vinene bila kusukumwa, huyo aende kidato cha tano. Anayefungua redio kuona ndani kuna nini, mfikirieni chuo kwanza.

Tahasusi mpya, na shule yenyewe

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, kuanzia lugha na biashara hadi michezo, sanaa na elimu ya dini. Ni jambo jema. Ila tahasusi iliyoko kwenye orodha haina maana iko kwenye shule nyingi. Kabla ya kuiweka nambari moja, angalia ni shule ngapi zinaitoa na zina walimu wa somo hilo. Na usome masharti ya programu unayoitaka uone kama inaitambua. Kama programu haijaandika somo lako, usibahatishe.

Dirisha la kubadili

Selform hujazwa mtoto akiwa bado kidato cha nne, kabla ya kujua amepata nini. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) hufungua mfumo ili mhitimu abadili tahasusi na vyuo kulingana na alama zake. Dirisha hili wengi wanalikosa, hasa wa vijijini, kwa sababu hawajui lipo, au wanadhani alichojaza mwalimu kimeshapita. Ni la kwenda nalo kwa haraka. Kumbuka pia kwamba kidato cha tano kinataka angalau C tatu, bila kuhesabu masomo ya dini, na kwenye masomo matatu ya tahasusi kusiwe na F.

Mapema mwaka huu mama mmoja alinijia na binti yake. Baiolojia B, Kemia C, Jiografia B, Fizikia D. Binti anataka udaktari, ndugu wote wanasema CBG. Nikamwuliza Fizikia alifundishwa na nani. Akasema mwalimu alihama wakiwa kidato cha tatu, hakuja mwingine. Nikamwomba anifanyie swali moja la mwendo hapo hapo, kwenye kipande cha karatasi. Alikosea kizio, akakiona mwenyewe, akafuta, akarudia. Tukazungumza saa nzima, nikawaambia kuhusu PCB, kuhusu chuo cha utabibu, kuhusu yule kijana wa pointi saba.

Wiki iliyofuata mama alinipigia. Wamebadili: PCB ya kwanza, chuo cha afya kinafuata, CBG wameiondoa kabisa. Na kwa kuwa shule ni Julai, binti ameomba atafutiwe mwalimu wa Fizikia wa jioni. Ameanza na mada ya vipimo.